Desemba hii, niombe video kwanza

Nauza magauni ya watoto Kariakoo, na kila Krismasi ikikaribia picha zangu husafiri kuliko mimi. Mtu anazichukua, anafungua ukurasa wenye jina linalofanana na langu, anakata bei nusu, kisha wateja wanakuja kunidai mzigo ambao hela yake sijaiona. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Mbagala na meseji ya muamala. Jina la aliyepokea pesa ni la mwanamume nisiyemjua kabisa.

Hapo ndipo pa kuanzia, jamani. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome! Ukiambiwa "hiyo laini ya mdogo wangu, we tuma tu", achana naye.

Mteja akinitilia shaka wala sinuni. Aniombe video ya gauni pamoja na karatasi yenye jina lake, namrekodia hapohapo. Mwizi wa picha atarekodi nini? Tazama na maoni: mfanyabiashara gani anafunga maoni msimu wa mauzo? Na ile ya "lipia boda kwanza, ya mzigo utalipa ukipokea" inawanasa wengi, maana elfu tano inaonekana ndogo.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyohiyo, kabla hajaitoa kwa wakala. Ikishatolewa, kuirudisha ni kazi. Namba yake iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.