Mkutano Uko Wapi?

Bwana asifiwe, wapendwa. Nilikuwa nimepanga tuendelee na Wafilipi, lakini juma hili halikuniacha nifike huko. Jumatatu usiku mdogo wangu, yule ambaye tumemwombea miaka na miaka, alinipigia simu akiwa timamu. "Dada, ile mikutano ya watu wanaoacha pombe iko wapi?" Ameniruhusu niseme hivyo, nisizidishe.

Asubuhi nikaanza kuulizia. Mtumishi mmoja akaniambia nimlete kwenye kesha ya Ijumaa, atafunguliwa. Mwingine akasema aokoke kwanza, pombe itamtoka yenyewe. Wa tatu alinyamaza, kisha akataka kujua kama habari hizi zimefika kwa washirika wengine.

Nimeshinda juma zima katika Yohana 11. Ile sauti kuu iliyomwita Lazaro tunaijua, tumeihubiri mpaka koo zikakauka. Mstari wa 44 tunaupita mbio: "Mfungueni, mkamwache aende zake." Aliyemtoa kaburini mtu wa siku nne angeshindwa na sanda? Hakushindwa. Kazi hiyo aliwapa waliosimama pale, pamoja na wale waliokuwa wameziba pua. Huwezi kumfungua mtu sanda ukiwa mbali.

Wengi mmesikia habari za A.A. (Alcoholics Anonymous), ndiyo hiyo mikutano ya watu wanaoacha pombe aliyoiulizia mdogo wangu, lakini mwanzo wake hatuusimulii kanisani, nami sijui kwa nini. Mei 1935 dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa amekwama Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imevunjika, na alikuwa hajanywa tangu Desemba. Alisimama katika ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa inachangamka, upande wa pili simu na orodha ya makanisa. Akachagua simu, akampata mchungaji Walter Tunks. Alichoomba hakikuwa maombi. Aliomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye, maana alijua asipompata usiku ule atakunywa.

Wapendwa, fikirini simu hiyo ingelia kwetu! Mchungaji Tunks alimpa majina ya watu wa kuwapigia, na kwa njia hiyo akafika kwa mama mmoja mwamini, Henrietta Seiberling. Kesho yake, Jumapili, mama huyo akamkutanisha nyumbani kwake na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Daktari huyu hakuwa mtu asiyemjua Mungu. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akihudhuria ushirika wa maombi na mkewe, akisoma Biblia, na bado akilewa. Alikuja na uchovu wa pombe ya jana, akasema anatoa dakika 15 tu. Walizungumza zaidi ya saa sita. Hakuwa amekosa mahubiri, alikuwa amekosa mtu wa kumwambia, "Nami nilikuwa hapo ulipo." Alianguka tena, kisha akanywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo A.A. wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwao.

Kwa hiyo nawaambieni kwa upendo, nanyi wazee wa kanisa mnivumilie: tuache kumwambia mlevi kwamba akitafuta kikundi imani yake imepungua. Yakobo alisema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Ninyi kwa ninyi! Lakini mtu ataungama wapi, ikiwa akitamka neno "changaa" mbele yetu, Jumapili ijayo kiti kilicho karibu naye kinabaki wazi? Mshirika akiwa na kisukari tunampeleka kliniki na kumwombea, vyote viwili, wala hakuna anayemuuliza imani yake iko wapi.

Mikutano ipo. Nairobi ipo kadhaa, mingine hukutana katika vyumba vya makanisa yale yale tunayopita tukienda ibadani, na aliye mbali anaweza kushiriki kwa simu. Hakuna ada, hakuna kuandikishwa, jina la kwanza linatosha, na sharti ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Mingine ni ya walevi peke yao, mingine hata jamaa anakaribishwa, kwa hiyo uliza kabla ya kumsindikiza. Wake, waume na wazazi wana kikundi chao, Al-Anon, na mama zetu wanaolala na funguo chini ya mto wanakihitaji kuliko wanavyokiri.

Jambo moja la haraka: aliyekunywa sana kila siku asikatishwe ghafla nyumbani kwa mfungo. Mwili unaweza kuingia degedege, hata kufa. Hospitali kwanza. Nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na haitozwi.

Mdogo wangu amepata mkutano wa Alhamisi jioni. Matangazo ya Jumapili yana nafasi ya harusi, mazishi na harambee ya paa. Katibu, nakuomba uweke hapo pia siku na mahali pa mikutano iliyo karibu nasi, bila jina la mtu yeyote, na uisome kila juma, hata kama unadhani hakuna anayesikiliza.