Kilo Thelathini na Tano Zilizobaki

Tangu ninunue tela la kulala safarini, kila anayefika nyumbani Mbezi kulitazama huniuliza swali lilelile: gari lako linavuta tani ngapi? Kijitabu cha gari langu kinataja kilo 2,500 kwa tela lenye breki zake na kilo 750 kwa lisilo na breki, na kwa kuwa langu lina breki na nililikadiria kufikia kilo 1,400 likijazwa, nilijiona nina nafasi tele. Nilikuwa nimesoma namba moja tu.

Gari lenyewe lina kikomo chake, pamoja na watu na mizigo, nacho kwangu ni kilo 2,850. Likiwa na mafuta tu lina kilo 2,150, hivyo zinabaki 700. Watu watano wa kilo 75 ni 375. Mabegi, jokofu dogo na zana ni 150. Tena tela halivutwi tu, bali pia huliegemea gari: takriban asilimia 10 ya uzito wake hukaa juu ya ndoano ya kuvutia iliyo nyuma ya gari, na kilo hizo 140 ni mzigo wa gari. Nikabakiwa na kilo 35, ilhali hema la paani nililolitamani lina 60.

Fundi mmoja alinishauri nisogeze madumu ya maji nyuma kabisa ya tela ili ndoano ipate nafuu. Ushauri huo ni wa hatari kuliko tatizo lenyewe, kwa sababu tela lililoelemewa nyuma huinua mkia wa gari, na upepo wa basi linalokupita kasi baada ya Chalinze unatosha kulianzishia kuyumba ambako huongezeka kadiri mwendo unavyokuwa mkubwa. Vitu vizito vikae karibu na ekseli. Maji nayo, lita moja ikiwa kilo moja, sioni sababu ya kuyaburuta kutoka Dar wakati Morogoro yapo.

Uzito wa ndoano niliupima kwa mizani ya bafuni, tela likiwa tambarare na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, kichwa chake kikiegemea gogo lililokatwa kwa kimo cha ndoano. Uzito wote niliupimia kwenye yadi ya vyuma chakavu yenye mizani ya malori: kilo 1,520. Jenereta na sanduku la spana vikashuka siku ileile, mpwa wangu akakubali kwenda Mikumi kwa basi, na hema likapanda paani.