Sumu ya Mishale Maabarani

Julai ya Njoro haina huruma, ila kipande cha utumbo wa sungura hakikujali baridi yetu. Kilikuwa kimebanwa katikati ya vyumba viwili vidogo vya plastiki, upande mmoja wa chakula, wa pili wa damu, kikiogeshwa maji ya chumvi yenye nyuzijoto 37 huku mapovu ya oksijeni yakipanda bila kukoma. Kifaa hicho alikibuni Hans Ussing wa Denmark, aliyekitumia kuchunguza ngozi ya chura. Kloraidi ikitoka kwenye seli, mkondo wa umeme unaongezeka na kalamu ya mashine inachora mlima.

Mwalimu alianza na theofilini, ndugu yake kafeini. Hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja saikliki AMP, mjumbe wa ndani ya seli, nayo saikliki AMP ikijaa kwenye seli, mlango wa kloraidi hubaki wazi, na maji huifuata kloraidi nje. Sumu ya kipindupindu hufikia matokeo yaleyale kwa njia nyingine: hukikwamisha kimeng'enya kinachoitengeneza kisizimike. Kalamu ikapanda. Mimi niliyekulia Kisumu, kipindupindu nikikijua kwa ndoo na harufu ya klorini, niliutazama mstari ule kwa hasira.

Ndipo ikaletwa ouabaini. Fundi wa maabara, mzee wa Kitui, akaisoma lebo akacheka. "Hii si ni ile ya mti wa msunguti? Kwetu ni sumu ya mishale."

Ikatiwa kwanza upande wa chakula. Kalamu haikushtuka. Mzee naye hakushangaa hata kidogo. "Nyama ya mnyama aliyepigwa mshale tulikuwa tunaila, mwanangu. Ikiingia kwenye damu, hapo ndipo kuna maneno."

Ikatiwa upande wa damu, na mlima ukaanza kuteremka mbele ya macho yetu. Pampu ya sodiamu na potasiamu, kimeng'enya kinachokaa upande huo tu wa seli, ilikuwa imezimwa. Isipotoa sodiamu nje, kloraidi haipati wa kuingia naye kwenye seli, na kisichoingia kitatokaje?

"Prof, kwa nini wagonjwa wa kipindupindu wasipewe kidogo tu?" nikauliza. Wenzangu wakaguna. Moyo pia huitegemea pampu hiyo, na nilijua jibu hilo linakuja.

Halikuja. Alichukua glukosi akaitia upande wa chakula wa vipande viwili: hiki chetu, na kingine kilichopata theofilini peke yake. Kile kingine kalamu yake ikapanda juu zaidi, maana sukari huingia imeshikana na sodiamu hata wakati kloraidi inamwagika, na maji huwafuata. Chetu hakikutikisika. Pampu ikilala, sodiamu hurundikana ndani, na sukari hukosa wa kuivuta.

"Haya," Prof akasema huku akifunga oksijeni, "sasa mnyweshe huyo mgonjwa wako ORS, yale maji ya sukari na chumvi."