Ringi Sita na Leso Kuukuu

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi kwa nyanya huko Kisauni, Mombasa, na kazi yangu katika kundi la sarakasi ilikuwa kupanda. Wavulana walijenga piramidi, mguu juu ya paja, mguu juu ya bega, nami nikapanda migongo yao hadi kileleni, nikanyosha mikono, nikangoja makofi, nikashuka. Ilikuwa kazi ya dakika tatu katika shoo ya saa nzima.

Siidharau kazi hiyo. Kusimama juu ya mabega ya watu huku upepo wa bahari unakusukuma ni kazi ya kweli, na wanaobeba huumia kuliko anayebebwa. Lakini nilipokuwa kule juu nilijua kwamba makofi yale ni ya piramidi. Mimi nilikuwa ncha yake tu. Nilitamani dakika chache ziwe zangu, nianguke kwa kosa langu na nisimame kwa nguvu zangu.

Tulifanyia mazoezi Pirates, ufuo wa Bamburi, maji yakishatoka na mchanga ungali mgumu. Mwaka uliotangulia ulikuwa umetukausha. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 watalii waliondoka pwani, na kuna usiku tuliocheza mbele ya meza tatu zenye watu na meza thelathini tupu. Wageni walipoanza kurudi, mameneja wa hoteli walirudi na swali: mna kipi kipya? Walikuwa na haki ya kuuliza. Mgeni aliyehama hoteli moja hadi nyingine aliona piramidi zilezile, limbo ileile, na ringi ileile ya moto wavulana wakiirukia. Jioni moja kiongozi wetu akatuketisha mchangani, akasema kila mmoja alete kitu chake kabla ya Agosti. Mmoja akachagua kusimamia mikono juu ya viti vilivyopangwa. Mwingine akachagua baisikeli ya gurudumu moja. Mimi nikasema hula hupu, ile ringi ya kuzungusha kiunoni.

"Si mchezo wa watoto huo?" kiongozi akauliza.

Hakukosea. Kampuni ya Wham-O ya California ilipoanza kuuza zile za plastiki mwaka 1958, watoto ndio waliozinunua kwa mamilioni. Ila wanawake wa sarakasi za Urusi na China walishaufanya mchezo ule wa watoto uwe shoo kamili ya mtu mmoja, na hilo ndilo nililolitaka: mtu mmoja.

Ya kununua sikuiona popote Mombasa ambayo ingefaa. Zilizokuwa madukani zilikuwa nyepesi na ndogo, za mtoto wa miaka saba. Fundi wa bomba, jirani yetu, ndiye aliyenielekeza kwenye hadiwea moja Kongowea wanakouza paipu nyeusi ya maji kwa mita. Paipu ile huja imeviringishwa, kwa hiyo tayari inataka kuwa duara, wewe unaisaidia tu. Nilinunua mita tatu, ya robo tatu inchi. Tukachovya ncha zake katika maji yanayochemka hadi zikalegea, tukapachika ndani kipande kifupi cha paipu nyembamba, tukaunganisha, tukaacha ipoe. Kisha nikaizungushia tepu ya umeme, nyekundu na njano, kwa mshazari. Ilipokuwa imesimama kando yangu ilinifika kitovuni. Nilijiona nimeshafika.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Nyanya alikuwa mcheza chakacha wa kutajwa. Enzi zake alikuwa akiitwa kwenye harusi hadi Mji wa Kale, na akina mama waliomkumbuka walisema akiingia uwanjani wengine waliketi. Nami nilikulia kwenye harusi hizo, nimeshika ncha ya buibui yake, nikitazama viuno. Nilikuwa na hakika kwamba kiuno nilikirithi, na kwamba ringi itazunguka siku ya kwanza.

Ilianguka. Nikaiokota, ikaanguka. Siku ile nilihesabu hadi mia na kitu, kisha nikaacha kuhesabu. Wiki ya pili damu ilikuwa imevilia kwenye mifupa ya nyonga zote mbili, siwezi kulala ubavu. Wavulana hawakunicheka, na hilo nawashukuru hadi leo. Waliipisha ringi yangu ilipoviringika kuelekea majini, mmoja akairudisha, wakaendelea na yao.

Jibu nililipata kwenye saiba moja Bombolulu, shilingi moja kwa dakika. Nyaya kubwa za intaneti za baharini zilikuwa hazijaanza kazi Mombasa, ya kwanza iliwashwa Julai mwaka huohuo, kwa hiyo video ilikuja kwa matone. Sekunde mbili inacheza, nusu dakika inasimama. Wenzangu walilaani. Lakini kwangu kukwama huko ndiko kulikonifunza, kwa sababu mwanamke wa kwenye video alikwama naye, na kila alipokwama nilikiona kiuno chake kilipo. Kilikuwa mbele. Kikawa nyuma. Kikawa mbele tena. Kati ya hizo picha zote hakuna hata moja niliyokiona kimekwenda kando, seuze kuzunguka.

Nikalipa dakika kumi zaidi ili niwe na hakika. Kinachozunguka ni ringi. Mtu hazunguki. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, na ringi inapopita tumboni unaisukuma kwa tumbo, inapopita mgongoni unaisukuma kwa mgongo, misukumo miwili midogo ya wakati, basi. Chakacha ndiyo iliyokuwa ikiniangusha. Kiuno cha chakacha huchora duara, na duara langu lilikuwa likiikimbia ringi badala ya kuingoja. Miaka yote ile ya kutazama harusi ilinibidi niisahau kwa muda, na kuusahaulisha mwili ni kazi ngumu kuliko kuufundisha. Nilitembea Kisauni nikisukuma mbele-nyuma kichwani tu, nikingoja maji mferejini, nikisimama kwenye foleni ya unga.

Siku iliyozunguka dakika nzima, nilikaa mchangani nikalia.

Mengine yalikuja upesi. Ringi ya pili, ya tatu, mkononi, shingoni, ya goti moja. Kadiri zinavyoongezeka ndivyo ilivyonipasa kuzifanya ndogo na nyembamba, nikashuka hadi paipu ya nusu inchi, ila sikushuka zaidi kwa sababu shoo zetu ni za nje na upepo wa kusi huichukua ringi nyepesi kama karatasi. Kufikia Julai nilikuwa na sita. Mnamo 2015 nilisoma kwamba Marawa Ibrahim, mwanamke wa Australia ambaye baba yake ni Msomali, alizungusha 200 kwa pamoja kule Los Angeles. Nilizishika zangu sita nikazipima uzito mkononi, nikamwombea dua.

Wiki moja kabla ya shoo likazuka la nguo. Fundi wetu alikuwa amenishonea suti ya kung'aa, mikono mirefu, imefunika hadi vifundoni, nzuri sana kwa macho. Nilipoivaa ringi zote zikateleza hadi miguuni kwa mpigo. Kitambaa chenye kung'aa hakishiki kitu. Wanawake wa kwenye video walikuwa tumbo wazi, na sasa nilielewa sababu: ngozi hushika. Kiongozi akasema basi na mimi nifunue, ni hotelini, nani atajali. Nikamwambia ninayejali ni mimi. Sikumhukumu mwanamke yeyote wa zile video, kila mmoja na kwao. Kwetu ni Kisauni, na nilitaka asubuhi ya pili niweze kupita msikitini nikienda dukani nikiwa mtu yuleyule. Akanyamaza, kisha akasema kama haitawezekana nirudi kwenye piramidi.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani, na harusi zilifuatana kila wiki, watu wanawahi kabla ya Ramadhani kuingia. Alhamisi usiku kulikuwa na moja mtaa wa pili. Nilikaa ukutani na mawazo yangu, akina mama wakacheza, na macho yangu yakasimama kwenye leso zilizofungwa nyongani. Mama mnene wa makamo alikuwa akikata kiuno kwa kasi ambayo sitaiweza kamwe, na leso yake haikusogea hata kidole kimoja. Pamba. Nilitoka kabla ya pilau.

Nyumbani nikatoa leso mpya ya Idi, nikajifunga juu ya suti, nikajaribu uani. Ringi iliteleza. Nikajaribu tena, ikateleza. Mlango ukafunguka, nyanya akatoka na taa.

"Wafanya n'ni saa hizi?"

Alijua niko sarakasi. Hakuwahi kuniuliza ni wapi hasa, nami sikuwahi kumwambia neno hoteli. Usiku ule nilimwambia yote: hoteli, wageni, ringi, suti, na maneno ya kiongozi kuhusu tumbo. Alisikiliza ameegemea mlango. Nilipomaliza hakusema kitu kuhusu hoteli. Alishika upindo wa leso yangu, akausugua kwa vidole.

"Hii ina wanga," akasema. "Haijafuliwa hii. Yateleza hata kwa anayetembea."

Akaingia ndani. Akarudi na leso yake moja ya zamani, rangi ya zambarau iliyokuwa imekaribia kuwa kijivu, jina la leso, yale maneno ya chini, limefifia hata herufi hazisomeki. Ilikuwa laini kama sikio. Nikaanza kujifunga, akanipiga mkono.

"Usifunge fundo. Fundo litaipiga hiyo ringi yako. Simama."

Akaikunja mara tatu kwa urefu, akaivuta kiunoni mwangu hadi pumzi ikanitoka, akapindua upindo ndani, akauchomeka nyuma ya nyonga ya kushoto, akauzungushia tena juu. Hakukuwa na fundo popote. "Ruka," akasema. Nikaruka. "Haya, na mtambo wako huo sasa." Nikaitia ringi, ikashika, ikazunguka, na taa ya nyanya ikatupa ukutani kivuli kikubwa kinachopanda na kushuka. Aliitazama kwa muda. "Kiuno hukizungushi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona jambo la ufundi. Nikamweleza kwa nini. Akatikisa kichwa, akaenda kulala.

Shoo ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Agosti, hoteli moja ya Shanzu, sakafu ya vigae kando ya kidimbwi cha kuogelea. Kusi ilivuma kwa nguvu, minazi yote imeinamia upande mmoja. Nilipanda piramidi kama kawaida, nikashuka, na badala ya kutoka nikabaki. Ngoma za limbo zikanyamaza kidogo, kisha wapigaji wakaingia mdundo wa chakacha. Tulikubaliana hivyo, lakini kuusikia mdundo ule pale, mbele ya watu walioshika glasi, kulinibana koo.

Ringi ya kwanza ikashika. Ya pili. Mwenzangu alizirusha moja moja kutoka pembeni, nami nikazipokea kwa mkono na kuzishusha. Ya tano ilitoka mkononi mwake vizuri, upepo ukaidaka, ikapita juu ya kichwa changu, ikaangukia kidimbwini. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nne zilikuwa bado zinazunguka. Nikajiambia neno moja tu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mhudumu mmoja akaweka sinia chini, akapiga magoti ukingoni, akaiopoa, akaifuta kwa kitambaa chake cheupe kwa makini kama anafuta sahani ya mgeni, akaja kunipa mkononi. Nikaishusha. Kisha ya sita.

Hapo ndipo nilipoona mlango wa jikoni. Wapishi walikuwa wametoka na aproni zao. Akina mama wa usafi walikuwa nyuma yao, wanne au watano, watu ambao tuliwakuta kila wiki na hawakuwahi kuinua macho kututazama, kwa maana piramidi zetu walishaziona kupita kiasi. Walikuwa wanatazama. Mmoja alikuwa akiitazama leso.

Dakika sita zilipokwisha niliacha ringi zote zidondoke, nikatoka ndani yake hatua moja. Kwa mpango wetu nilitakiwa kuinama nikaondoka. Mdundo ulikuwa bado unapiga. Kiuno nilichokizuia miezi mitatu nikakiachia, mizunguko minne mitano tu, chakacha halisi, ya Kisauni, huku mikono imetulia kama nyanya alivyokuwa akifanya. Kutoka mlango wa jikoni kikapasuka kigelegele, kikafuatwa na kingine. Wageni wakapiga makofi baada ya hapo. Nakumbuka vizuri kwamba vigelegele ndivyo vilivyotangulia.

Kwenye matatu ya kurudi kiongozi aligawa pesa. Akanipa mia tano, sawa na wabebaji, kwa mara ya kwanza. Hakutoa hotuba. Aliniuliza tu kama nane zinawezekana.

Nilimkuta nyanya yuko macho, tasbihi mkononi. Nilivua leso nikaikunja, nikampa, nikaona aibu kwa sababu gundi ya tepu ilikuwa imeacha mistari myeusi kuzunguka pamba yote. Akaileta karibu na taa. Akapitisha kidole juu ya mistari ile, mmoja baada ya mwingine, akahesabu kwa midomo bila sauti.

"Mna tena lini?"

"Jumanne, nyanya."

Akainuka, akachukua beseni, akamimina maji na sabuni, akaitia leso ndani na kuizamisha kwa viganja vyote viwili.

"Itakuwa imekauka," akasema.