Siku ya theluji mpya, foleni iwe moja

Naandika nikiwa bado na hasira juu ya vituo vya skii, yaani vya kuteleza kwenye theluji, vinavyouza nafasi ya mbele kwenye foleni, na sioni sababu ya kusubiri ipoe.

Mnaonisoma mara kwa mara mnajua ninakaa Salt Lake City, kazi yangu ni zamu ya usiku hospitalini, na majira ya baridi yakiingia akili yangu yote inahamia milimani. Milima ya Wasatch iko pale pale. Ukitoka mlango wa wagonjwa wa dharura unaitazama. Na theluji ya huku si mchezo. Msimu wa 2022–2023 kituo cha skii cha Alta kilipima inchi 903, karibu mita 23 za theluji katika msimu mmoja.

Najua wengi wenu mko Dar, Mombasa au Muscat na hamjawahi kuvaa skii, zile mbao ndefu nyembamba za miguuni, kwa hiyo nianze na kitu chenyewe. Theluji ikianguka usiku kucha huku baridi ikiwa kali, inatua kavu na nyepesi. Tunaiita unga. Ukiikamata mkononi haishikani kuwa donge, unafungua kiganja na inapeperuka. Ukishuka nayo mlimani inakufika magotini, kuna siku inafika kiunoni, na skii hazigusi kitu kigumu hata kidogo. Lakini kila anayeshuka anaacha mfereji nyuma yake, na mfereji ule haufutiki mpaka theluji nyingine ianguke. Mteremko mzuri ulio karibu na lifti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani, unamalizwa na watu mia chache tu. Lifti ikianza saa tatu asubuhi, ikifika saa tano kilichobaki ni matuta.

Hoja yangu yote iko hapo. Siku ya kawaida mtu akinichomekea kwenye foleni amenichelewesha dakika kumi. Inaudhi, basi, nitapanda nyuma yake na mlima nitaukuta vile vile. Siku ya unga akinichomekea, kile alichokwenda kuchukua juu sitakikuta. Kwa hiyo kituo kinapouza nafasi ya mbele siku kama hiyo, kinauza kitu ambacho tayari kilikuwa cha watu waliosimama pale tangu alfajiri.

Juzi zilianguka sentimita 40. Nilikuwa nimebadilishana zamu na mwenzangu tangu utabiri ulipotoka, na saa kumi alfajiri nilikuwa barabarani na ndugu yangu mmoja Mkongo wa Uvira tunayekaa naye mtaa mmoja. Msururu wa taa za breki unaopanda bondeni wenyeji wanauita nyoka mwekundu, na sisi tulikuwa ndani ya tumbo lake. Barabara ilifungwa kwa muda ili wataalamu waangushe theluji iliyoning'inia juu kabla haijaporomoka yenyewe juu ya magari. Kwa hilo sina neno. Watu wamekufa kwa maporomoko katika milima hii, na kusubiri kwa sababu ya usalama nasubiri kwa moyo mweupe.

Jina la kituo sitalitaja, maana mambo ninayoyasema yameenea na sitaki mjadala ugeuke kuwa wa kituo kimoja. Tulifika kwenye kamba ya lifti saa moja na nusu. Mbele yetu walikuwapo watu wasiozidi thelathini. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye chupa ya chai, aliyekuwa akiwamiminia hata asiowajua kwenye kifuniko. Kulikuwa na vijana wawili wanaoosha vyombo katika hoteli ya hapo juu, waliotoka kazini usiku wa manane na kulala kwenye gari ili wasikose nafasi. Ndevu za ndugu yangu zilishaganda barafu. Huko juu watu wa doria, wanaolinda usalama wa mlima, walikuwa wakilipua baruti kwenye miteremko ili theluji ya hatari iporomoke kabla yetu, na kila mlipuko ulipotufikia foleni nzima ilishangilia. Kijana wa lifti alikuwa na ufagio, akikung'uta theluji kwenye viti kimoja baada ya kingine kadiri vilivyomzungukia.

Nawaambia kweli, saa ile na nusu ya kusubiri naipenda karibu sawa na mteremko wenyewe. Hakuna anayeuliza unatoka wapi wala una kazi gani. Umefika wa thelathini na moja, wewe ni wa thelathini na moja.

Saa tatu kasoro dakika ishirini lango la pembeni likafunguliwa.

Kwanza wakapita waliolipia kupanda kabla ya wote, kundi zima, mwongozaji mbele. Wakafuata watu wa shule ya skii. Mtoto anayejifunza kupitishwa mbele naelewa, kwani akikaa saa nzima kwenye baridi ataichukia theluji maisha yake yote. Lakini hawa hawakuwa watoto. Walikuwa wanaume wanne wazima, wana skii pana za unga, wamekodi mwalimu wa siku nzima, na kutokana na walivyosimama tu nilijua hakuna cha kufundishwa. Mwalimu alikuwa tiketi yao ya foleni. Saa tatu ilipogonga, kamba yetu ikaondolewa, na papo hapo ikafunguliwa njia ya tatu, ya waliolipa ziada ili wasipange mstari. Sera ya kituo inasema zamu kwa zamu: kiti kimoja cha njia ya kulipia, kiti kimoja cha njia ya wote.

Ndugu yangu akanigeukia. "Ndugu, hawa walikuwa kwenye foleni gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Walikuwa wamefika dakika kumi zilizopita, viatu bado vimelegea, mmoja ana kikombe cha kahawa. Bibi wa chai alikuwa akiwatazama wanavyopita, na kifuniko chake bado kinatoa mvuke.

Sasa sikilizeni hesabu, kwa sababu kituo kikitetea njia hiyo kinasema athari yake ni ndogo. Lifti ya kisasa ya viti vya watu wanne inapeleka kiti kimoja kila baada ya sekunde 6 hivi. Hiyo ni viti 600 kwa saa, watu 2,400 kama kila kiti kimejaa. Tuseme foleni ya wote ina watu 800. Wakipewa viti vyote, wa mwisho anapanda baada ya dakika 20. Wakipewa kiti kimoja kwa kimoja, wa mwisho anasubiri dakika 40, maadamu njia ya kulipia haijakauka. Muda wake umeongezeka mara mbili. Na hao 800 wanaopanda kutoka njia nyingine ndani ya dakika hizo 40 wote wanashuka mteremko ule ule mmoja, kwa sababu asubuhi kama ile sehemu kubwa ya mlima bado imefungwa.

Halafu kuna viti vitupu, na hili ndilo lililonichoma zaidi. Mstari wa mtu mmoja mmoja, ule unaojaza nafasi zinazobaki, ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Kwa nini? Kwa sababu hawakuwa na mhudumu wa kuusimamia. Basi kila waliopita wawili kutoka njia ya kulipia, kiti chao kiliondoka na nafasi mbili wazi. Nilimwona bwana mmoja akipanda peke yake katikati ya kiti cha watu wanne, mikono kaitandaza juu ya mgongo wa kiti, na nyuma yetu foleni imefika kwenye maegesho. Kama viti vinapanda na watu watatu kwa wastani, wanapanda watu 1,800 badala ya 2,400. Watu 600 kila saa wamebaki chini bila faida kwa yeyote, hata kwa aliyelipa. Mnaopanda mwendokasi Kimara asubuhi, fikirieni basi likiondoka nusu tupu mbele ya macho yenu kwa kuwa mlango mmoja ni wa waliolipa zaidi.

Nilimuuliza kijana wa lifti. Alinijibu kwa adabu kwamba yeye ameambiwa hivyo asubuhi na hana uwezo wa kubadilisha. Simlaumu. Yule alikuwa pale na ufagio wake kabla yetu, na mshahara wake naujua ulivyo. Waliopanga hayo walikuwa ofisini.

Mambo haya hayakuanza juzi. Oktoba 2021 kampuni ya Powdr ilitangaza njia ya kulipia katika vituo vyake vinne: Copper Mountain huko Colorado, Killington huko Vermont, Mt. Bachelor huko Oregon, na Snowbird hapa Utah. Bei zilianzia dola 49 kwa siku, juu ya tiketi uliyokwisha kununua. Watu wa Oregon walikuja juu. Maelfu walitia saini kupinga, na seneta wao, Ron Wyden, akaandika barua hadharani kuitaka kampuni iachane na mpango huo. Njia ilifunguliwa hata hivyo.

Kilichomsukuma seneta kuingilia foleni ya lifti ni ardhi. Mt. Bachelor iko ndani ya msitu wa taifa wa Deschutes. Vituo zaidi ya mia moja vya skii Marekani viko juu ya misitu ya taifa, yaani mali ya umma, vikiwa na vibali chini ya sheria ya mwaka 1986 inayoruhusu kibali cha hadi miaka 40. Ada wanayoilipa serikalini inatokana na mapato, na viwango vyake ni kati ya asilimia 1.5 na 4. Lifti ni zao, nakubali. Nyaya, injini, viti, mishahara, yote wanagharamia wao. Lakini ule mteremko, na theluji iliyoangukia pale usiku bila mtu kuinunua, si wao walioileta. Mimi nalipa kodi katika nchi hii. Ndugu yangu wa Uvira, aliyekuja kama mkimbizi na leo anaendesha lori usiku kucha, analipa kodi katika nchi hii.

Kuna anayeniambia kwamba mgeni aliyesafiri kutoka Texas na familia ana siku tatu tu kwa mwaka, mwache alipie. Namwonea huruma kwa dhati. Mwambieni basi saa ya kufika, mwekeeni basi la mapema, mfungulieni lifti nyingine. Aamke. Wale vijana waosha vyombo nao wana asubuhi moja tu ya mapumziko kwa juma. Na anayeniambia kwamba pesa hizo zinanunua lifti mpya, nitamsikiliza siku nitakayoona zimemlipa hata mtu mmoja wa kusimamia mstari wa mtu mmoja mmoja.

Neno moja kuhusu watu wa doria, maana kwenye foleni nilisikia watu wakiwazomea kwamba wanachelewesha kufungua sehemu ya juu. Tafadhali acheni. Hao wanapanda gizani na baruti mgongoni ili mteremko usimfukie mtu. Desemba 27, 2024 watu wa doria wa Park City, maili thelathini hivi kutoka hapa, waligoma wakitaka mshahara wa kuanzia upandishwe kutoka dola 21 kwa saa hadi 23. Mgomo ulikwenda mpaka wiki ya pili ya Januari, katikati ya sikukuu, na sehemu kubwa ya mlima ikakaa imefungwa huku foleni zikijaa. Atakayetaka kujua nani anafungua mlima aangalie siku zile. Kamba ya doria naiheshimu, kwa kuwa inamzuia tajiri na maskini pamoja. Kamba ninayoipinga ni ile inayofunguka kwa mwenye risiti.

Ninachotaka si kikubwa. Siku ambayo theluji ya usiku imepita kiwango fulani, kituo chenyewe kipange ni sentimita 20 au 25, njia ya kulipia ifungwe mpaka saa tano, na aliyeilipia arudishiwe pesa yake. Wanafunzi watoto wapite mbele na mwalimu wao. Watu wazima waliokodi mwalimu wapange mstari, naye apange nao, watazungumza. Mstari wa mtu mmoja mmoja usifungwe kamwe siku yenye foleni, hata kama mkuu wa kituo atalazimika kuusimamia yeye mwenyewe. Na aliyeweka skii zake kwenye mstari akaenda kunywa chai kantini, skii zisogezwe pembeni. Hili la mwisho ni letu sisi abiria, si la kituo, na juzi niliona jozi tano zimepangwa hivyo bila wenyewe.

Nimeandika hayo yote katika barua kwa kituo, na nakala nimeipeleka ofisi ya msitu inayosimamia vibali, kwa sababu kituo kinaweza kuitupa lakini ofisi ya umma inatakiwa kuipokea. Walio Utah, Colorado au Oregon na wanaosoma hapa, andikeni na ninyi, kwa Kiingereza chochote mlicho nacho. Anayetaka nimsaidie kuandika aniambie.

Alhamisi wanatabiri sentimita 30. Nina nafasi mbili kwenye gari, tunaondoka saa kumi kamili, na thermosi ya chai ya tangawizi itakuwa kubwa safari hii, nataka na yule bibi anywe ya kwetu.