Vipande vilivyobaki

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimekaa na Yohana 6:12. Watu wapata elfu tano wameshiba, na Yesu anawaambia wanafunzi wakusanye vipande visipotee. Yeye aliyetoka kuzidisha mikate mitano ya shayiri anajali makombo! Vikajaa vikapu kumi na viwili.

Kilichonirudisha hapo ni seli za miili yetu. Ndani ya seli vitu huchakaa: protini zinaharibika, mitokondria, mitambo midogo ya kuipa seli nguvu, zinachoka. Basi utando mwembamba unaota kando ya kilichochakaa, unakizunguka polepole mpaka unakifunga kabisa, kama mama anavyofunga kwanga, mkate wetu wa muhogo, katika majani. Mfuko huo unaungana na mfuko mwingine, lisosomu, wenye vimeng'enya vikali, yaani kemikali za kuvunjavunja. Humo protini inavunjwa hadi kuwa asidi amino, vipande vidogo vinavyojenga protini, nazo zinarudi kujenga protini mpya au kutoa nguvu. Christian de Duve, Mbelgiji, aliipa kazi hii jina la otofajia mwaka 1963, maana yake kujila mwenyewe. Jina linatisha. Mimi ningeiita kukusanya vipande.

Aliyetuonyesha vizuri ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, na alitumia chachu, hii hii ya mikate. Alichukua chachu iliyokosa vimeng'enya vya kuvunja, akainyima chakula. Baada ya saa chache akaona kwa hadubini vifuko vimerundikana ndani yake, vimebebwa lakini havijavunjwa. Alitangaza hayo mwaka 1992, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel.

Seli hufanya kazi hii siku zote kidogo kidogo, na njaa ikija huizidisha. Kitoto cha panya kikizaliwa, kitovu kimekatika na maziwa hayajapatikana, kinavuka saa hizo kwa kutumia vilivyomo ndani yake. Waliozaliwa bila uwezo huo hufa ndani ya siku moja hivi. Hapo nilifunga kitabu, nikanyamaza mbele za Mungu.

Lakini naomba tuwe waangalifu. Zinapita sauti kwenye simu zetu zikisema kufunga kunaponya kila ugonjwa, eti sayansi imethibitisha. Haijathibitisha hivyo. Mgonjwa wa sukari asiache dawa wala chakula kwa sababu ya ujumbe wa simu. Na ndugu zetu waliokimbia vijiji vyao hawafungi, wana njaa. Seli haiwezi kujila bila mwisho. Kwao tupeleke unga na maharagwe, tena juma hili.

Hapa Goma, Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Jirani yangu, mama mmoja mjane, nyumba yake iliungua siku hiyo. Lava ilipopoa alianza kuivunja kwa nyundo, yeye na wanawe, jiwe kwa jiwe. Ukuta wake wa leo ni wa mawe hayo: meusi, yenye vitundu vya hewa, ukipitisha kiganja yanakukwaruza. Jumapili baada ya ibada nilimkuta ameuegemea, anachambua lengalenga. Nikamuuliza kama mawe hayo hayamkumbushi usiku ule.

“Yananikumbusha kila siku, Papa,” akasema, mikono yake ikiendelea na majani. “Sasa ningejenga na nini?”