Nilivyofungua poti 3389 ya kompyuta ya dukani, kisha nikaifunga

"Weka DMZ tu, itakubali." Watu watatu walinipa ushauri huo nilipotaka kuifikia kompyuta ya duka nikiwa nyumbani, na wote wanajiita mafundi. DMZ ni mpangilio wa ruta unaoiacha kompyuta uchi, poti zote (milango ambayo programu hupokelea mawasiliano) mbele ya intaneti, kisa unataka kufikia moja. Sikuiweka.

Shida yangu ilikuwa kufungua hesabu za duka nikiwa nyumbani. Kompyuta ina Windows 11 Pro. Mwenye Home asijisumbue, haipokei Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali. Akaunti lazima iwe na nenosiri, maana PIN ya kuingilia haikubaliki huko. Kwenye ruta niliifungia anwani 192.168.1.50 kwa namba yake ya MAC (kitambulisho cha kadi yake ya mtandao), la sivyo umeme ukikatika na kurudi unaweza kukuta anwani hiyo amepewa printa. Nikaelekeza TCP 3389, poti ya Remote Desktop, kutoka nje kwenda 3389 ya kompyuta hiyo. Nikahifadhi. Kimya.

Jioni mbili nzima zimeliwa hapo. Kwanza nilikuwa najaribu anwani ya nje huku nimekaa kwenye Wi-Fi ya duka lenyewe, na ruta nyingi za bei poa haziwezi kukurudisha ndani kwa mlango wa nje. Nikazima Wi-Fi, nikatumia data ya simu: bado. Nikabadilisha poti, nikawasha upya ruta, nikazima hata Windows Firewall kwa dakika tano (usinifuate kwa hilo). Ndipo nikafanya nilichotakiwa kuanza nacho: kusoma anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ukurasa wa ruta, kisha kuilinganisha na ile inayoonekana kwenye tovuti za kukuonyesha IP yako. Ruta ilisema 100.72 na kuendelea, tovuti ikasema 41 na kuendelea. Basi! Chochote kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 ni CGNAT: wateja wengi mnachangia anwani moja ya nje. Ni nyumba ya kupanga. Umefungua mlango wa chumba chako, lakini funguo za geti anazo mwenye nyumba. WAN ikianza na 10 au 192.168, kuna NAT nyingine mbele yako, yaani kifaa kingine kinachowachangisha wengi anwani moja, na huenda ni ruta ya pili hapohapo ndani.

Huduma kwa wateja wa kampuni yangu ya intaneti waliniambia nifute historia ya kivinjari. Nikapiga tena, safari hii nikatamka "anwani ya IP ya umma, isiyobadilika", wakanipa siku iliyofuata kwa nyongeza ndogo kwenye bili ya mwezi.

3389 ikafunguka, nikajipongeza. Siku mbili baadaye nikafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa Security: tukio 4625 (jaribio la kuingia lililoshindikana), mstari baada ya mstari, watu wasiojulikana wakijaribu "Administrator", "admin", "user", usiku kucha. Ukihamia poti 50389 kelele zinapungua, ila kufuli ni lilelile. Na udhaifu kama BlueKeep wa mwaka 2019, uliozikumba Windows 7 na wenzake, haukuhitaji hata nenosiri.

Nikaifuta kanuni ile ya 3389 kwenye ruta. Sasa ruta inapitisha UDP 51820 peke yake kwenda WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kati ya kompyuta mbili), iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, kwa hiyo anayepekua poti haoni kitu. Ndani ya njia hiyo kompyuta ya duka ni 10.8.0.1, laptopu yangu 10.8.0.2, na Remote Desktop naielekeza 10.8.0.1. Kwenye Windows Firewall, 3389 inapokea 10.8.0.0/24 tu, yaani anwani za njia hiyo. Kosa linalowakamata wengi ni kunakili AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopitia WireGuard) 0.0.0.0/0, yaani zote, upande wa laptopu: intaneti yako yote inakimbilia dukani na kufia huko. Andika 10.8.0.1/32.

Zima usingizi wa kompyuta, na kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla Windows haijawaka) iagize iwake yenyewe umeme ukirudi. Kilichonisumbua mwisho ni kijana wa duka, aliyekuwa akichomoa waya wa ruta ili achaji simu. Hilo nimelimaliza kwa solotepu.